Hati za kimila: bondeni nako kuna wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo moja kuhusu miradi ya urasimishaji wa ardhi vijijini, yaani ya kupima mashamba na kuwapa wenyewe hati, jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipokuwa mjumbe wa kamati ya uhakiki wa mipaka katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Mkoa wa Iringa. Kila mradi wa aina hii siku hizi huja na nyaraka nene za kulinda mazingira na jamii, na sina sababu ya kudhani kwamba wanaoziandika wanafanya mzaha. Ninachokiona mimi ni kwamba kinga hizo zimetungwa zikimfikiria mtu anayehamishwa, ilhali madhara ya kupima ardhi mara nyingi humpata mtu asiyehamishwa na yeyote, anayeendelea kulala kwenye nyumba yake ileile, lakini kiangazi kikifika hana tena mahali pa kulima anapoweza kusema ni pake.

Niseme mapema kwamba mimi si mpinzani wa hati. Ya kwangu ninayo, imetiwa muhuri wa halmashauri, naiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya watoto, na tangu niipate ule ugomvi wa mpaka niliourithi kwa marehemu baba umekwisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Kamishna wa Ardhi, na kifungu chake cha 20 kikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kuwa na ardhi au kuitumia. Kwa nchi ambayo karibu asilimia 70 ya eneo lake huhesabiwa kuwa ardhi ya vijiji, hilo si jambo dogo. Wazee wetu walioswagwa kwenye vijiji vya pamoja katika Operesheni Vijiji kati ya mwaka 1973 na 1976, wakaacha mahame na mianzi yao ya ulanzi, walijua vizuri maana ya kukaa juu ya ardhi bila karatasi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoteuliwa mwaka 1991, ilizunguka nchi ikisikiliza vilio vya namna hiyo, na sheria tuliyonayo leo, pamoja na yote ambayo haikuyachukua kutoka kwa tume ile, ilizaliwa katika mjadala huo.

Lakini hati hupenda mstari, na haki nyingi za kijijini hazina mstari. Kuna njia ya ng'ombe inayopita shambani kwa mtu baada ya mavuno, kuna mahali pa kuchimba udongo wa kufinyangia vyungu, kuna msitu mdogo ambamo kuni zilizokauka ni za yeyote anayewahi. Kwetu sisi, kuliko yote hayo, kuna vinyungu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam ambaye hajavisikia, kinyungu ni bustani ya bondeni, kandokando ya kijito au mahali penye majimaji, inayolimwa kwa matuta yaliyoinuliwa ili maji yapite katikati yake. Mvua zinapokatika mwezi wa tano na mashamba ya juu yakakauka, bondeni huwa bado kuna unyevu. Mahindi hupandwa huko kuanzia Julai na Agosti, pamoja na maharage, viazi na mboga, na yanapofikia kuchomwa mwishoni mwa mwaka huwa maghala yamebaki na vumbi na bei sokoni imepanda. Ada na sare za Januari, kwa kaya nyingi ninazozifahamu, hutoka hukohuko. Wanaovilima kijijini kwetu ni akina mama kwa sehemu kubwa. Mama mkwe humwachia mkwewe, jirani humwazima jirani kwa msimu mmoja akarudishiwa debe la maharage, na nimekaa miaka mingi bila kusikia wanaume wakigombania kinyungu, labda kwa sababu kilihesabiwa kuwa kazi ndogo ya wanawake. Udogo huo ndio uliokuja kuwaponza.

Mradi uliotufikia sitautaja jina, kwa sababu lengo langu si kumshitaki mtu, na vijana waliokuja kupima walikuwa na adabu na walifanya kazi kwa bidii kuliko sisi wajumbe. Ilikuwa mwezi wa tisa. Mjane mmoja alitutangulia kwenye shamba lake akiwa na jembe begani, maana alikusudia kushuka kulima tukishamaliza. Tulizunguka kona tatu bila tatizo, majirani wakithibitisha kila jiwe. Kwenye kona ya nne, pale shamba linapoanza kuteremka na nyasi kubadilika rangi, kijana mwenye kishikwambi alisimama, akasubiri kifaa kishike setilaiti, akabonyeza, akasema, "Bibi, tumemaliza."

Bibi akaonesha kwa jembe kule chini, kwenye matuta yake yaliyokuwa na mahindi ya kufika magotini. "Na kinyungu, mjukuu wangu?"

"Hapo ni ndani ya mita sitini kutoka majini, bibi. Hapapimwi."

Akatugeukia sisi wajumbe. "Mwalimu, sasa huku chini kumekuwa kwa nani?"

Nilimjibu kwamba ni kwa kijiji. Lilikuwa jibu sahihi kwa kiasi fulani, nami nimejutia wepesi niliolitoa nao. Ramani ilipokuja kubandikwa ofisini kwa mtendaji, bonde lote upande wetu lilikuwa limepakwa kijani na kuandikwa hifadhi ya chanzo cha maji, bila alama yoyote ya kuonesha kwamba humo mlikuwa na matuta, wala orodha ya waliokuwa wakiyalima. Kwenye ukingo wa pili wa kijito kilekile, timu nyingine, ama kwa haraka ama kwa kutojua, ilikuwa imepima mashamba hadi majini. Misimu miwili baadaye mwenye shamba mmoja wa upande ule akapanda milingoti, yaani mikaratusi, kutoka juu hadi ukingoni. Simlaumu, kwa kuwa mbao na nguzo zina soko, na hati yake haikumwambia lolote kuhusu mlingoti. Ila yeyote aliyekulia nyanda za juu anajua mlingoti ukipandwa bondeni unavyokunywa maji, na sisi tunaochota pale tumeona kijito kinavyopungua mwezi wa kumi. Kwa hiyo kanuni iliyokuja kulinda maji iliwatoa kwenye ramani akina mama wa matuta ya mboga, ikamwachia aliyepanda miti inayonyonya maji mwaka mzima.

Hapa ninaomba wanasheria wanisahihishe kama nimepotoka. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambacho ndicho chimbuko la hizo mita sitini, kinakataza ndani ya eneo hilo shughuli za kudumu pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuhatarisha hifadhi ya kingo za mito na maziwa, na kinampa Waziri nafasi ya kutoa miongozo. Hakikusema kwamba mtu asitie mguu bondeni. Kati ya tuta la mboga linalolimwa kwa jembe la mkono miezi michache ya mwaka na shamba la miti la kudumu kuna tofauti ambayo mtaalamu yeyote wa mazingira anaweza kuieleza kwa dakika tano. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya vinyungu vinaharibu vyanzo. Nimeona vilivyochimbwa hadi kwenye jicho la chemchemi, na hivyo ni vya kufungwa bila huruma. Lakini kujua kipi ni kipi kunahitaji mtu ashuke bondeni na kuviangalia kimoja kimoja. Timu iliyopewa wiki chache kwa vijiji viwili, na ambayo kazi yake inahesabiwa kwa idadi ya vipande vilivyopimwa, haina muda wa kushuka bondeni mahali ambapo hapatatoka hata kipande kimoja cha kuhesabiwa.

Tuje sasa kwenye hizo kinga zenyewe. Mkopo mkubwa unaofahamika zaidi katika sekta hii ni ule wa dola milioni 150 za Marekani ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha Desemba 2021 kwa ajili ya Mradi wa Uboreshaji wa Usalama wa Milki za Ardhi, unaosimamiwa na Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Miradi ya benki hiyo iliyoanza kuandaliwa baada ya Oktoba 2018 inafuata viwango kumi vya mazingira na jamii, na cha tano ndicho kinachohusu utwaaji wa ardhi na uhamishaji wa watu. Nimekisoma kwa shida, kwa Kiingereza, nikisaidiwa na mwanangu. Aya yake moja inaelekeza kwamba mradi wa kutoa hati au wa kutambua haki za ardhi ni lazima ufanyiwe tathmini ya kijamii, kisheria na kitaasisi, ili zibainike hatari zinazoweza kuwapata watu, hasa maskini na wanyonge. Aya hiyohiyo inasema kwamba kiwango chenyewe hakihusu migogoro ya watu binafsi inayotokana na utoaji wa hati, bali kitatumika iwapo mtu atatakiwa kuondoka kwa sababu mradi umeamua kwamba ardhi aliyopo ni ya serikali.

Sasa mpime yule bibi kwa maneno hayo. Hakuna aliyemtaka aondoke. Ardhi yake ya bondeni haikutangazwa kuwa ya serikali, imepakwa rangi tu. Hana kesi na jirani yeyote, walau kwa sasa. Kwa vipimo vya kiwango cha tano, bibi huyu hajapatwa na kitu, na kilichobaki cha kumkinga ni ile tathmini ya mwanzo, ambayo ingepaswa kuuliza, kabla ya kishikwambi kuwashwa, ni nani wanaotumia ardhi ya kijiji hiki bila kuwa na mpaka. Katika mradi wetu, kama tathmini ya namna hiyo ilifanyika, ilifanyikia mahali ambapo sisi hatukuwapo. Sijawahi kuiona kwa Kiswahili, na sijawahi kukutana na mwanakijiji aliyeulizwa swali lake hata moja.

Kilichofanyika mbele yetu ni mkutano. Uliitishwa siku ya mnada, saa nne asubuhi, na anayejua kijiji atafahamu ni nani hubaki nyumbani siku hiyo. Mtaalamu kutoka wilayani alieleza faida za hati kwa ufasaha, akazungumzia mikopo, na karatasi ya mahudhurio ikazungushwa. Niliweka sahihi yangu kama watu wengine. Miezi kadhaa baadaye niliiona karatasi ileile imeambatishwa kwenye taarifa, chini ya maneno yanayosema kwamba wananchi waliridhia mpango wa matumizi ya ardhi. Tulikuwa tumehudhuria, hilo ni kweli. Lakini kuhudhuria na kuridhia havijawahi kuwa kitu kimoja hata kwenye posa, na mpango wenyewe siku ile ulikuwa bado haujachorwa.

Kulikuwa pia na utaratibu wa malalamiko, maana kila mradi sasa unatakiwa kuwa nao. Kwetu ulikuwa sanduku la mbao lenye kufuli, lililotundikwa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, na ufunguo wake ulikaa kwa mtendaji, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mradi. Sijui lilifunguliwa mara ngapi. Ninachojua ni kwamba nyigu walijenga ndani. Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa sheria lina wajumbe saba na watatu kati yao ni wanawake, lilikuwa hatua chache kutoka hapo, watu wanalijua na wanaliamini kwa usuluhishi, lakini mradi haukulipa hata daftari. Sielewi kwa nini mradi utundike sanduku jipya mahali ambapo tayari kuna chombo cha kisheria chenye watu hai ndani yake.

Nimesikia hoja kwamba wananchi wakidhulumiwa kweli, wafadhili huchukua hatua, na mfano unaotolewa ni wa mwaka 2024, Benki ya Dunia iliposimamisha fedha za mradi wa REGROW, ule wa kukuza utalii wa kusini, baada ya malalamiko ya wananchi waishio kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sawa, lakini huko kulikuwa na tuhuma nzito za ukatili, na hata hivyo ilichukua muda hadi watu wakasikilizwa. Mtu anayepoteza matuta sita ya mahindi kwa kutoandikwa hawezi kutegemea kwamba taasisi ya Washington itasimamisha chochote kwa ajili yake, wala hastahili kulazimika kufika huko.

Wala si kwamba nchi hii haina watu wanaojua kufanya jambo hili vizuri. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha mipango yao ya matumizi ya ardhi ili eneo la malisho wanalolichangia litambuliwe kuwa la pamoja, na muungano wao ukaitwa OLENGAPA kwa kuchukua silabi za majina yao. Wafugaji hawakulazimishwa kujigeuza wenye viwanja ndipo watambuliwe. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, nao walipewa mwaka 2011 hati ya kimila ya jamii kwa ardhi wanayowinda na kuchimba mizizi. Kama sheria ileile ya mwaka 1999 imeweza kumbeba mwindaji na mfugaji, sioni kitu gani kinaizuia kumbeba mama wa kinyungu. Bonde linaweza kuandikwa kuwa ardhi ya pamoja ya kijiji, orodha ya wanaolima ikaambatishwa kwenye masjala ya ardhi, sheria ndogo ya kijiji ikaeleza umbali wa tuta kutoka kwenye maji, ikakataza mlingoti na dawa za kunyunyizia, na ikasema nani arithi. Gharama yake ni siku chache za kutembea bondeni pamoja na afisa mazingira wa wilaya na akina mama wenyewe.

Ninaloliomba kwa Wizara na kwa wanaoikopesha ni kwamba zoezi hilo la kutembea lifanyike kabla ya kona ya kwanza kupimwa, na kwamba taarifa yake iandikwe kwa Kiswahili na kusomwa kwenye kila kitongoji, siku isiyo ya mnada. Kisha malipo ya wanaopima yasitegemee idadi ya hati peke yake, kwa sababu mtu hufanya kile anacholipwa kukifanya, na kwa sasa halipwi kumwona yule asiye na mpaka. Zile karatasi za mahudhurio ziachwe zibaki kuwa karatasi za mahudhurio. Na kanuni ya mita sitini, popote inapotumika, itumike kwenye kingo zote mbili za mto.

Kuna wanaosema kwamba haya yatachelewesha kazi. Ni kweli yatachelewesha. Kijijini kwetu tulichelewa tangu mwaka 1999, na sidhani kama wiki mbili za ziada zingemuumiza mtu.

Bibi niliyemtaja bado analima. Agosti iliyopita nilimkuta bondeni akisogeza tuta lake la mwisho kulipandisha juu, hatua kama kumi kutoka kwenye maji, bila kuambiwa na mtu. Ng'ambo ya kijito milingoti ilikuwa imeshampita kimo. Aliniuliza kama wale vijana wa kupima watarudi. Kama Wizara ina ratiba ya kuvirudia vijiji vilivyokwisha kupimwa, ninaomba itangazwe katika gazeti hili.

Mwalimu mstaafu,
Iringa